Ruger 10/22 au Marlin 60?
Kwa mlioko Marekani mnaotafuta bunduki ya semi otomatiki (inajipakia yenyewe, kila ukivuta kifyatulio inatoka risasi moja) ya .22, yaani ya risasi ndogo, ya shabaha au kuwinda sungura, mi naona mchuano ni huu tu. Marlin 60 ilitoka 1960, inalenga vizuri mno, ila risasi zinakaa kwenye bomba refu chini ya mtutu, kujaza lazima uvute kile kifimbo cha ndani udondoshe moja moja, inachosha kweli, na ukitaka kutoa risasi zote unaweza dhani iko tupu kumbe moja imebaki humo. Ruger ya 1964 ina magazini (kisanduku cha kuchomeka) ya risasi 10, ukitaka kuhakikisha iko tupu unaichomoa, unavuta boliti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu), unachungulia chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa), basi. Spea zake tele. Mi nachukua Ruger, hasa kama anayejifunza ni mtoto.