Nyumba ya "watu sita" Kigali: vitanda viwili na pazia

Ukiona tangazo la nyumba ya likizo linasema "inalala watu sita", usihesabu watu. Hesabu vitanda, kisha hesabu milango. Naandika haya hasira haijashuka, kwa hiyo wana Kigoma wenzangu mnivumilie nikipayuka.

Tangazo lilisema vyumba vitatu vya kulala, Nyamirambo. Sisi watu wazima sita: kaka na mke wake, mama wawili wa makamo, na wanaume wawili. Wawili wawili, kila jozi na chumba chake, hesabu ya darasa la kwanza. Tulichokuta ni vyumba viwili, kila kimoja kina kitanda cha tano kwa sita. "Chumba cha tatu" ni nusu ya sebule iliyokatwa kwa pazia, na nyuma ya pazia kuna kochi la kuvuta. Likishafunguliwa ni nne kwa sita, godoro unene wa vidole vitatu, na bomba la chuma linakatiza katikati, palepale kiuno kinapotua. Pazia halifiki chini. Choo ni kimoja nyumba nzima na mlango wake uko upande huohuo, kwa hiyo kila anayeamka usiku anampitia aliyelala pale kichwani.

Kijana aliyeleta funguo tukamwonyesha tangazo kwenye simu. Hakulitazama. Akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "Kwani nyie si ndugu? Laleni." Akageuka zake. Najua shikamoo kule si desturi kama huku kwetu, na sikuidai. Lakini kumwambia mama wa watu "laleni" mbele ya wanaume, huku unachezea funguo! Hata gesti ya bei ya chini kabisa pale Mwanga, kwetu Kigoma, hawakuambii hivyo.

Ujanja wenyewe unakwenda hivi. Kwenye programu nyingi za kupangisha nyumba, idadi ya wageni anaijaza mwenye nyumba mwenyewe. Kitanda chochote kikubwa anakihesabia watu wawili, na kochi nalo wawili. Akiandika sita badala ya wanne, tangazo lake linatokea kwa kila anayetafuta nafasi ya watano au sita. Kwa familia yenye watoto inaweza kupita. Kwa watu wazima ambao si mke na mume haipiti, na yeye anajua.

Dawa ni kusoma sehemu inayoeleza vitanda chumba kwa chumba, na hapo pia usiamini, maana kwetu iliandikwa "chumba 3: kitanda 1". Nenda kwenye picha. Kila chumba cha kulala kitafutie picha inayoonyesha mlango au dirisha. Kisha tazama ukuta wa kichwani: soketi iko wapi, pazia la rangi gani, kuna ufa au doa. Kitanda cha nyumba ile kilipigwa picha mara mbili, mara na shuka la bluu, mara na shuka jeupe, kikahesabika vyumba viwili. Soketi ileile, imelegea vilevile.

Halafu andika ujumbe kabla ya kulipa, na uandike ndani ya programu yenyewe, si WhatsApp, ili ushahidi ubaki mahali ambapo msuluhishi atauona. Usiulize "tunatosha?" Ataje mwenyewe: vitanda vingapi, ukubwa gani, vyumba vingapi vyenye mlango unaofungwa, vyoo vingapi. Kundi kama letu linahitaji kitanda kimoja cha wawili na vinne vya mtu mmoja. Akijibu "karibuni sana, hakuna shida" bila namba hata moja, achana naye.

Bei nayo ina mikia. Dola 60 kwa usiku inaonekana ni dola kumi kumi kwa kichwa. Kumbe 60 ni ya watu wanne, wa tano na wa sita kila mmoja anaongeza dola 8 kwa usiku, na usafi ni dola 30 mara moja. Kwa mfano wa siku tatu: 76 mara tatu ni 228, ongeza 30 inakuwa 258, gawa kwa sita, kila mtu 43. Hiyo ni dola 14 na ushee kwa usiku, kabla ya ada ya programu. Ndiyo maana idadi kamili ya watu inajazwa tangu unapoanza kutafuta. Na kwa vile ada ya usafi hailegei hata mkilala usiku mmoja, safari fupi ndiyo inayoumia.

Umeme kule ni wa kulipia kabla, wanauita cash power, ni LUKU kwa jina lingine. Tuliingia mita ikisoma uniti nne. Hita ya kuogea ya kilowati moja na nusu inakula uniti moja na nusu kwa saa. Watu sita wakioga kwa zamu, jioni mmekaa gizani. Muulize mapema nani ananunua umeme, na namba ya mita akutumie. Plagi za huku za pini tatu bapa haziingii, kule soketi ni za pini mbili za duara. Usinunue adapta sita. Nunua moja na ubebe ekstensheni ya nyumbani, simu zote zinachaji hapo.

Niseme na haki yake. Nyamirambo kwa Mswahili ni nyumbani: unaagiza chakula, unauliza njia, unabishana bei, yote kwa Kiswahili. Maji yalikuwa na presha. Mlinzi wa getini alikuwa mtu wa watu, na ndiye aliyetuazimia godoro la ziada. Ramani tu ndiyo inadanganya, "mita mia nne" za pale ni mlima. Na dola 14 bado si pesa mbaya kwa Kigali. Nilikuwa tayari kutoa nyota tatu.

Hapana, nimezifuta. Baada ya kuondoka mwenye nyumba amekata dola 50 kwenye dhamana, sababu: "wageni wamepinda bomba la kochi". Bomba ambalo hakuna aliyelilalia, kwa sababu mama wale walihamia chini kwenye godoro la mlinzi! Nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi. Bahati nzuri video ya kuingia ipo. Nanyi pigeni kabla hamjafungua begi: kila kitanda, kila kochi likiwa limefunguliwa, mita ya umeme, mtungi wa gesi, vioo. Malalamiko pelekeni siku hiyohiyo, maana muda wa kulalamika huhesabiwa kwa saa, na ukishalala siku mbili kimya wanakwambia uliridhika.

Kundi la watu wazima wasiotaka fujo, ulizeni kwanza nyumba za wageni za makanisa. Vyumba vya vitanda viwili vya mtu mmoja ndivyo kawaida yao, kila chumba kina mlango wake, na bei inatajwa kwa chumba bila mikia. Geti baadhi hufungwa mapema, na pombe ndani usiitegemee.

Jambo la mwisho, saa. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, saa nane ya kuingia ni saa tisa ya Kigoma. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kazi za jamii: maduka yanafungwa na usafiri unasimama hadi kama saa tano. Mwenye nyumba wetu alitaka tutoke saa nne ya Jumamosi hiyohiyo, watu sita na mabegi, pikipiki inabeba abiria mmoja na hata hiyo moja haipo barabarani. Tulipomkumbusha umuganda alijibu tungekuja wiki nyingine.