Riviu: urubani kwenye kampuni ya ndege za ndani, miaka 14 kazini

Kila baada ya wiki mbili tatu dogo mmoja ananitumia meseji ile ile, katoka kusoma Afrika Kusini au pale Wilson Nairobi, leseni ya CPL (ya urubani wa biashara) anayo, masaa 200 na kitu ya kuruka, mzee wake kauza kiwanja ili amsomeshe, na swali lake ni moja: kapteni, nikipata kazi kwenye hizi kampuni za ndani nikae mpaka nistaafu au nijaze masaa tu nitimke niende Ghuba? Sasa naandika yote mara moja. Mimi nina miaka 14, mitano kwenye Caravan (ndege ndogo ya Cessna) na tisa kwenye ATR (ndege kubwa zaidi ya propela mbili), kampuni mbili ambazo sitazitaja, na niliwahi kupata ofa ya kuondoka nikaikataa.

Jibu langu: kukaa kunalipa, ila kaa kwenye ndege ya marubani wawili. Caravan iruke, ikufundishe, halafu uhame kabla hujafika miaka 35.

Nianze na hiyo Caravan maana wengi mtaanzia huko. Injini moja, abiria 12, na mara nyingi rubani ni wewe peke yako. Unatoka Arusha asubuhi, Manyara, Seronera, Kogatende, unarudi, unaenda tena, jioni ikifika umeshatua mara nane na kila ukitua unashuka mwenyewe kufungua mlango, unapakia mabegi kwenye podi ya tumboni, unapiga hesabu ya uzito, na pale unakuta abiria aliyeambiwa begi laini la kilo 15 kaja na sanduku gumu la kilo 27 na anakuangalia tu. Viwanja vya porini havina mnara, unajitangaza mwenyewe redioni ili wenzako wajue uko wapi. Swala wakiwa kwenye runwei unapita chini mara moja kuwafukuza, unazunguka haraka unatua kabla hawajarudi. Na Seronera iko juu, mita 1,500 na ushee, ikifika saa 8 mchana jua limewaka hewa imekuwa nyepesi, ndege ile ile iliyoruka kirahisi asubuhi inakula runwei mpaka vichaka vya mwisho unavihesabu. Hakuna shule itakayokufundisha hivyo. Mimi kujua kuruka kwa mikono nimejulia kule, na hilo nalisema kwa heshima yote ya ile ndege.

Lakini masaa ya Caravan hayasafiri vizuri. Ndege haifiki hata tani 4, injini moja, huna mwenzako kwenye kokipiti, ukienda kuomba kazi kwenye jeti wanakuuliza masaa ya injini mbili na marubani wawili unayo mangapi, na wewe una 4,000 ya kuruka peke yako. Nimeona kaka zangu wawili wazuri sana wakikwama hapo hapo. Halafu kuna mwili. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani anayeruka peke yake na abiria akishavuka miaka 40 medikali yake, yaani kipimo cha afya cha leseni, ni kila miezi 6, na kwenye safari za kimataifa mwisho wa kuruka peke yako ni miaka 60, wakati kwenye ndege ya marubani wawili unaenda mpaka 65. Miaka mitano ya mshahara hiyo, na ni ile ya mwisho ambayo watoto wako chuo.

ATR ni maisha mengine. Injini mbili, ile 72 ina abiria kama 70 na uzito karibu tani 23, FO (rubani msaidizi) pembeni, wahudumu nyuma, na kila miezi 6 unaenda simuleta, mashine ya kuigiza ndege, sisi tulikuwa tunaenda Johannesburg, wanakuzimia injini, wanakuwashia moto, unatoka umelowa jasho na leseni yako imepona. Dar mpaka Mwanza, Mwanza Bukoba, unarudi, saa 9 mchana niko nyumbani Tabata napokea mtoto kutoka shule. Kama rosta (ratiba ya kazi) ni ya alfajiri gari la kampuni linapiga honi saa 9 na nusu usiku na hapo hakuna wa kukuonea huruma, ila usiku unalala kitandani kwako, na hilo wenzangu walioko Doha wananiambia wanalilipia kwa machozi.

Kasoro ya ATR ni dari yake, yaani mwisho wa kupanda juu, futi 25,000, kwa hiyo mawingu ya masika huyapiti kwa juu kama mwenye jeti, unayazunguka, au unarudi ulikotoka. Hapo ndipo ninapotaka msome taratibu.

Tarehe 6 Novemba 2022 ATR 42 ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 kati ya 43 wakafariki, na marubani wote wawili wamo. Baada ya pale kila nikikaribia Bukoba nina kitu kifuani. Kuna asubuhi moja, miezi kama mitano baadaye, tulifika tukakuta mvua imeshuka kwenye ziwa, radar imejaa nyekundu, runwei hatuioni, nikazunguka kusubiri dakika 20, nikaangalia mafuta, nikamwambia FO tunarudi Mwanza. Hakubisha, tayari mkono wake ulikuwa kwenye karatasi ya mafuta. Tumetua Mwanza nikatoka kusimama mlangoni mwenyewe, maana huku abiria wanakuona uso. Baba mmoja wa makamo, kavaa suti nyeusi, akaniambia kapteni leo saa 8 namzika mzee wangu. Sikuwa na la kumpa zaidi ya pole. Akakaa pale uwanjani kwenye benchi la kwanza, mvua ilipokata tulirudi tukamfikisha saa 7 kasoro. Wiki tatu mbele akapanda tena ndege yangu kwenda Dar, akapita mlangoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, hakusema kitu. Kwenye jeti ya watu 300 unaagana na abiria usiowaona tena. Huku unawabeba walewale, unajua nani anaenda Bugando kwa matibabu na nani anarudi chuo, na mimi hilo limenishika kuliko pesa.

Pesa sasa. Ofa yangu ya Ghuba, nikiwa na miaka 38, ilikuwa kama mara tatu ya nilichokuwa napata mkononi. Mimi na mke wangu tulikaa na daftari siku mbili. Shule ya watoto kule, mama yangu anayehitaji kupelekwa kliniki kila mwezi, na kwamba ningeanza upya kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, na ukubwa wangu wa kazi unarudi sifuri wakati hapa nilishakuwa kapteni nina miaka 31. Tukabaki. Msione ajabu mtu mwingine akipiga hesabu hiyo hiyo akaondoka, kama mna watoto wadogo bado na wazee wana nguvu, nenda.

Na jeti yenyewe haina kinga. 2022 Air Tanzania walilazimika kupaki Airbus A220 kwa sababu ya injini, tatizo lililokumba kampuni nyingi duniani zenye ndege hizo, wakati ndege za propela zinaendelea na safari zake.

Kilichoniumiza mimi ni ofisi. 2020 abiria walipokauka tulilipwa nusu mshahara miezi minne, hiyo nilielewa. Nisichosamehe ni kwamba mwaka uliofuata nilikuja kugundua makato yangu ya NSSF ya miezi saba yalikatwa kwenye mshahara na hayakupelekwa. Saba! Nimeyaona mwenyewe nilipoomba taarifa. Kwa hiyo dogo, kabla hujasaini uliza mambo haya na uyaone kwa maandishi. Bondi ya mafunzo ya ndege, yaani deni la mafunzo unalodaiwa ukiondoka mapema, je inapungua kila mwezi unaofanya kazi au inabaki nzima mpaka siku ya mwisho ya mwaka wa tatu? Maana ikibaki nzima, ukiondoka mwezi wa 35 unadaiwa yote. Bima ya kupoteza leseni ipo au haipo, kwa sababu sukari au presha ikikukamata una miaka 45 medikali inakataa na mshahara unakoma mwezi huo huo. NSSF usisubiri mtu akuambie, angalia mwenyewe kila baada ya miezi mitatu.

Na angalia uchovu wa rosta kuliko kitu chochote. Marekani, Februari 2009, Dash 8 Q400, ndege ya propela, ya kampuni ndogo ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo wakafa watu 50, na uchunguzi ulionyesha FO alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kuja Newark kuanza kazi, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Ajali hiyo ilichangia sheria ambayo tangu 2013 kule hata FO kwa kawaida anatakiwa masaa 1,500. Kampuni ikikupangia kuishi Dar na kuanzia kazi Mwanza kila wiki bila hoteli, hiyo kazi iache.

Caravan naipa nyota 4 kwa miaka mitano ya kwanza, baada ya hapo 2. ATR nyota 4. Ile ya tano nimeizuia mpaka waniwekee NSSF yangu, wameshalipa miezi mitano, miwili bado nafuatilia.