Tahadhari: jamaa wa "tanuri la kukaushia mbao" anayezunguka Muheza, Korogwe na Pangani

Kama umepasua mbao zako mwenyewe na umezipanga nyuma ya nyumba zikauke, soma hii kabla hujamfungulia mtu geti. Kuna jamaa anazunguka na kirikuu, anaangalia nyua za watu, akiona mbao zimepangwa anapiga hodi. Anasema ana tanuri, atakukaushia kwa siku kumi, atakurudishia mbao zikiwa na unyevu wa asilimia nane. Ni mpole, ana maneno mazuri na kipimo cha unyevu cha kidijitali mkononi. Mimi nimeshaumia. Jina lake siandiki hapa, maana shauri liko polisi na sitaki kuliharibu, lakini mtindo wake ukiusoma utamjua akifika.

Masika ya 2024 mvua na upepo viliangusha miti mitatu kwa mama: mwembe mkubwa wa miaka mingi, ambao ulikwenda na choo, na misaji miwili aliyopanda marehemu baba. Misaji huku kwetu si kitu cha ajabu. Shamba la serikali la Longuza liko hapa hapa, na wazee wengi walipanda michache mipakani mwa viwanja vyao. Tukatoa taarifa kijijini, watu wa maliasili wakaja, magogo yakagongwa nyundo ya kutia alama, mwezi wa sita nikaita kijana wa chenso akapasua. Chenso inakula mbao kuliko msumeno wa mashine, kila pasuo karibu sentimita nzima inageuka vumbi, lakini gogo la mwembe la upana ule ungelipelekaje kiwandani? Tulipata mbao 58: za msaji 40, inchi moja kwa nane, urefu futi kumi, na za mwembe 18, inchi mbili kwa kumi.

Kuna mzee mmoja hapa mtaani, fundi seremala tangu enzi za randa ya mkono, ndiye aliyenifundisha kupanga. Tuliinua msingi wa matofali futi moja na nusu kutoka ardhini, maana chini kuna mvuke wa udongo na kuna mchwa. Kati ya mbao na mbao tukaweka vipapi vikavu vya inchi moja, kila baada ya futi mbili. Akanisisitiza kipapi cha juu kikae sawasawa juu ya cha chini, mstari mmoja mpaka kwenye tofali, la sivyo mbao zitapinda kwa uzito wa wenzake. Juu bati, juu ya bati mawe. Ubavuni wazi, upepo upite, jua lisipige moja kwa moja. Na ncha zote tukazipaka rangi ya bluu iliyobaki kwenye madirisha, kwa sababu ubao unapoteza maji haraka zaidi nchani kuliko ubavuni, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia. Rangi ile ya bluu ikumbukeni.

Mzee alisema: "Mwanangu, sasa sahau. Za inchi moja ziangalie baada ya miezi minane, mwaka. Hizi za mwembe ukizigusa kabla ya mwaka na nusu ni shauri yako."

Sikusahau. Nilikuwa nataka milango kabla ya Krismasi.

Oktoba jamaa akatokea. Mimi nilikuwa kazini, akazungumza na mama kwanza. "Shikamoo mama. Naona mna mali hapa inaharibika." Akamwonyesha madoa ya bluu nyeusi kwenye ubao wa mwembe, akasema ni ugonjwa, utaambukiza na misaji. (Madoa yale ni ukungu. Mwembe huwa unashikwa nao ukikaa na maji muda mrefu, unaharibu sura ya ubao, lakini msaji wako hauoti ugonjwa kwa kulala jirani na mwembe.) Akamwonyesha pia vitundu viwili vya bungua, wale wadudu wanaotoboa mbao. Mama akanipigia simu kwa hofu, nikarudi, nikamkuta ameshakaribishwa chai.

Akachomeka kipimo chake kwenye ubao mmoja wa msaji: asilimia 21. Akatoa kipande kwenye mfuko wake, "hiki kimetoka tanurini juzi", akachomeka: asilimia 8. Bei shilingi 4,000 kwa ubao, nusu tangulizi, na usafiri 60,000. Nikatuma 176,000 kwa simu nikiwa nimesimama pale pale. Saa kumi na mbili na nusu jioni mbao zangu zote 58 zilikuwa zimeondoka.

Muda huo peke yake ulitosha kunishtua. Kupakia mbao giza likiingia kunatia shaka, na mtu halali angeniuliza hati ya kusafirisha kabla hajagusa ubao hata mmoja. Yeye hakuuliza, nami kwa haraka zangu sikusema.

Siku kumi zikawa ishirini na sita. Zikarudi mbao 58, hesabu kamili, zimepigwa randa, zinang'aa, mama akafurahi. Ncha za bluu hazikuwepo. "Nilikata ncha zilizopasuka, kaka, ndiyo utaratibu." Za futi kumi zimekuwa futi tisa. Za inchi nane zimekuwa saba. Nikamuuliza, akacheka: "Mbao ikikauka si inasinyaa?"

Hapa nikae kidogo, kwa sababu jibu hilo ndilo linalowamaliza watu wengi, lina ukweli nusu. Ubao kweli husinyaa ukikauka, lakini kwa upana na kwa unene. Kwa urefu husinyaa kidogo mno, huwezi hata kuona kwa futi ya kawaida. Kwa hiyo futi moja iliyopotea ni msumeno, basi. Na kwa upana, msaji ni katika miti inayosinyaa kidogo, ndiyo maana watu wanaupenda kwa milango na mashua. Ubao wa inchi nane kutoka ubichi mpaka ukavu kabisa hauwezi kupoteza hata nusu inchi, na wangu ulikuwa umeshakaa miezi minne kwenye hewa. Inchi nzima haikusinyaa. Ilikuwa imechongwa, au ubao wenyewe haukuwa wangu.

Ni yote mawili. Mzee alipokuja kuzitazama, zile za msaji alizipanga mafungu mawili bila kusema neno. Fungu la kwanza mbao 23: rangi ya kahawia yenye dhahabu, ukizishika ni kama zina mafuta, ukichonga zinanuka kama ngozi ya kiatu kipya. Hizo zetu. Fungu la pili mbao 17: ni msaji kweli, lakini miti michanga, nusu ya upana wake ni ile sehemu nyeupe ya nje ambayo haizuii wadudu. Zilipakwa kitu cha kahawia juu. Mzee akakwangua kwa patasi, chini ya unene wa ukucha ikatokea nyeupe. Misaji ya baba ilikuwa minene, moyo wake umejaa. Mbao zetu 17 bora zilibaki kwa yule bwana, na rangi ya bluu ndiyo ingetuonyesha zipi ni zipi.

Na ukavu? Mimi bado nilikuwa mbishi, nikamwambia mzee angalau zimekauka, kipimo kilisema nane. Tukatengeneza milango miwili Desemba. Kufika Februari mmoja ulikuwa umejikunja hadi haufungi, mwingine paneli imepasuka katikati. Za mwembe ndizo kichekesho: nje kavu kama mfupa, tulipokata moja katikati tukakuta nyufa ndani kwa ndani ambazo huzioni juu, na unyevu bado umo. Ndivyo inavyokuwa ubao mnene ukipigwa joto kali bila kutunza unyevu wa hewa inayouzunguka. Ganda la nje linakauka na kukaza, ndani kunabaki na maji, vinavutana mpaka vinachanika.

Machi nilikwenda hadi kwenye hilo tanuri, nikiwa na kijana mmoja aliyewahi kumbebea mzigo. Ni banda la bati, bati kwa chini pia, na mbao zimeegeshwa ukutani juani. Kuna pipa la kuchomea moto. Hakuna feni, hakuna matundu ya kutolea mvuke, hakuna kitu cha kupima hewa. Matanuri halisi yapo nchini, sina ugomvi nayo, na ubao wa inchi moja ulioanza kukauka ukiingia humo unaweza kumaliza kwa siku chache au wiki kadhaa. Lakini mwembe wa inchi mbili kwa siku kumi, mtu akikuahidi hivyo mwambie akakaushe wa kwake kwanza.

Sasa kile kipimo. Sindano zake zinaingia milimita chache tu, zinasoma juu juu. Ubao ulioanikwa jua kali asubuhi utasoma mkavu jioni hata kama katikati una maji. Hivi vipimo pia vinawekwa kulingana na aina ya mti, ukiweka vibaya kinasoma vibaya. Mtu akija na kipimo, mwambie akate ubao katikati mbele yako, achomeke pale palipokatwa. Wangu nilipomwomba hivyo kwa simu aliniambia "utaharibu mali".

Njia ya uhakika haihitaji kipimo chake. Kata kipande kidogo, usikikate nchani, kikate futi moja na nusu ndani ya ubao. Kipime mara moja kwenye mizani ya jikoni, andika. Kiweke kwenye oveni, joto likizidi kidogo nyuzi 100, kitoe kila baada ya saa chache ukipime, mpaka uzito ugome kushuka. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa mia. Kipande changu cha mwembe "wa asilimia nane" kilianza na gramu 640, kikaishia gramu 500. Hiyo ni asilimia 28. Ubao wa namna hiyo bado haujakauka.

Na hata hiyo nane yenyewe, kwa Tanga unaifanyia nini? Ubao huvuta maji kutoka hewani. Ukikaa barazani huku pwani unatulia karibu na asilimia 14 hivi, umeutoa tanurini ukiwa nane au tano, utapanda tu. Wa ofisini kwenye kiyoyozi sawa, ana sababu ya kutaka nane. Mimi nilikuwa natengeneza mlango wa uani.

Nimeuliza huku na huku, nimepata watu wanne waliopitiwa na bwana huyu. Mmoja wa Pangani alipelekewa mbao za "mninga mkavu" ambazo ni msindano uliopakwa rangi. Hiyo ni rahisi kuijua: lowesha kitambaa, futa kwa nguvu, kisha kata ncha utazame rangi imeingia kiasi gani. Moyo wa mninga una kahawia yenye wekundu mpaka katikati, na ni mzito kuliko msindano. Msindano utaunyanyua kwa mkono mmoja. Mwingine aliuziwa mbao za kenchi zenye "dawa" ya kijani, kumbe ni rangi tu ya kuchovya, bungua wameshaanza kumwaga unga darini.

Pesa yangu sijarudishiwa. Mwenyekiti wa kitongoji alimwita, akaja mara moja, akasema mimi ndiye niliyechanganya mbao nyumbani kwangu. Nilikuwa na ushahidi gani? Sikupiga picha hata moja kabla hazijaondoka, sikuandika idadi kwa aina, hatukuandikishana popote, na alama yangu aliikata akaondoka nayo. Ukilazimika kutoa mbao zako nje, piga picha kila ubao, gonga alama katikati na siyo nchani tu, andikishaneni mbele ya mjumbe, na nenda ukalione tanuri likiwa linafanya kazi kabla hujatoa senti. Namba zake za simu amebadilisha mara mbili tangu Machi, kwa hiyo kuzihifadhi hakutawasaidia. Mshikeni kwa maneno yake: "siku kumi", "asilimia nane", "ugonjwa wa bluu".

Zile mbao zetu zilizobaki nimezirudisha juu ya matofali, na vipapi vyake, na bati lake. Moja nimeitia alama, naipima kila mwisho wa mwezi kwenye mizani ya duka la jirani. Mwezi uliopita ilishuka gramu 90. Mwezi huu 40. Mzee amepita jana, ameigonga kwa kidole, akaisikiliza, akaniambia bado inalia, maji hayajaisha.