Komeo la Mtutu kwenye Bunduki ya Upepo ya Kukunja: Lipi la Kununua

Mnunuzi wa bunduki ya upepo ya kukunja mtutu huuliza kwanza kasi ya risasi, na wauzaji, kwa kulijua hilo, huichapa kasi hiyo kwa tarakimu kubwa kwenye boksi. Kasi haina la kumsaidia mlengaji ikiwa mtutu haurudi mahali pake. Kila unapoikoki bunduki ya aina hii unautoa mtutu katika mstari wake na kuurudisha, na kazi ya kuurudisha palepale, risasi baada ya risasi, imeachiwa vitu viwili: komeo linaloufunga mtutu kwenye silinda (bomba lenye springi na pistoni ndani yake), na bawaba inayouzungusha.

Ni vyema kuelewa komeo linapambana na nini. Bunduki inapofyatuliwa, springi huisukuma pistoni, pistoni huibana hewa, na hewa hiyo husukuma risasi pamoja na mtutu wenyewe kuelekea mbele. Kwa kuwa bawaba iko chini ya mstari wa tundu la mtutu, msukumo huo hutaka kuukunja mtutu, mdomo ukielekea chini, kabla risasi haijatoka. Chukua mtutu wa sentimita 40: mdomo wake ukihama kwa milimita 0.1 tu, risasi itahama kwa zaidi ya milimita 6 kwenye shabaha iliyo mita 25. Anayelenga kwa vilengeo vya chuma anaweza asiuone ubaya wote, kwa sababu mara nyingi vilengeo vyote viwili vimefungwa kwenye mtutu na huhama pamoja nao. Darubini, kwa upande mwingine, hukaa juu ya silinda, na hapo kila kulegea kwa mtutu huonekana kwenye karatasi. Basi kama unakusudia kufunga darubini, komeo lipewe uzito kuliko kasi.

Nafasi ya kwanza naipa komeo la kabari. Hiki ni kipande cha chuma kilichochongwa mshazari, kinachosukumwa na springi hadi kikajipenyeza kwenye pini au ukingo wa chuma ulio upande wa pili. Uzuri wake uko katika huo mshazari: kadiri nyuso zinavyolika kwa miaka ya matumizi, ndivyo kabari inavyosogea mbele kidogo zaidi, ikaendelea kuubana mtutu juu ya oringi, yaani pete ya mpira inayozuia hewa isivuje kwenye maungio. Uso wake wa kugusana ni mpana, na hufunga wenyewe bila mtumiaji kukumbuka lolote. Kampuni ya Weihrauch ya Ujerumani hulitumia kwenye bunduki yake ya HW95, na kwa mnunuzi wa kawaida sioni sababu ya kutafuta zaidi ya hapo.

La pili ni komeo la mkono, ambalo mtumiaji hulifungua kwa kidole gumba kabla ya kukunja mtutu. HW35 ya Weihrauch hiyohiyo, iliyoanza kutengenezwa katika miaka ya 1950, inalo ubavuni, na bunduki ya Walther LGV ya awali, iliyojengwa kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha, nayo ilipewa komeo la namna hii. Kwa uimara linaweza kuishinda kabari, na halihitaji mtutu upigwe kwa kiganja ili ufunguke, tabia ambayo kwa kweli inanisikitisha kila ninapoiona. Nimeliweka la pili kwa sababu bunduki zenye komeo hili ni chache, na kwa sababu linaongeza hatua moja katika kila risasi. Mwenye subira ya mlengaji wa karatasi na alipandishe hadi la kwanza.

Komeo la gololi linashika nafasi ya tatu. Gololi ya chuma husukumwa na springi hadi ikakaa kwenye kishimo chake. Ni rahisi kutengeneza na hufunguka kwa wepesi, lakini hugusa sehemu ndogo sana, na kishimo kikichimbika au kikiingiwa na uchafu mtutu huanza kucheza. Hata hivyo lisidharauliwe: bunduki ya Diana 34 imejijengea sifa njema ikiwa nalo. Gololi iliyotengenezwa kwa uangalifu ni bora kuliko kabari iliyokatwa ovyo.

Bawaba nayo ikaguliwe sawia na komeo. Tafuta iliyofungwa kwa bolti inayoweza kukazwa, yenye washa (pete bapa za chuma) pande zote mbili. Iliyofungwa kwa pini ya kugongelewa ikishalegea, haikazwi kwa bisibisi. Komeo halizuii mtutu kuyumba kushoto na kulia. Kazi hiyo ni ya bawaba peke yake.

Dukani, hakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi na haijakokiwa. Shika silinda kwa mkono mmoja na ncha ya mtutu kwa mwingine, kisha usukume pande zote nne kwa nguvu ya wastani. Usisikie mgongano wowote wa chuma. Ufungue mtutu kidogo na kuuachia: komeo lifunge kwa mlio mmoja mkavu, bila kusaidiwa. Ikiwa kuna mahali salama pa kufyatulia, weka ukanda mwembamba wa karatasi laini juu ya maungio ya mtutu na silinda, ufyatue ukiwa na risasi ndani, kwani kufyatua bila risasi huumiza pistoni. Karatasi ikipeperuka, hewa inavuja. Ikiwa mtutu haukucheza ulipousukuma, huenda ni oringi tu iliyochoka, na hiyo hubadilishwa kwa gharama ndogo. Ikiwa ulicheza, oringi mpya haitaponya kitu, na bunduki hiyo irudishwe rafuni.