Uzoefu wangu na karatasi za mazoezi ya KKK: 52 toa 27 si 35!

52 toa 27 ni 25. Naanza na hilo kwa sababu kuna stesheneri hapa Mwanza mjini inauza karatasi za mazoezi ya kusoma, kuandika na kuhesabu, na ukurasa wake wa majibu unasema ni 35. Nilipokwenda kuwaambia, nikajibiwa vibaya mbele ya watu. Duka silitaji, wenyewe wanajijua.

Nilizinunua kipindi shule zinakaribia kufunga, kwa ajili ya binti yangu wa darasa la pili. Mzazi mwenye mtoto shule ya serikali ataelewa kwa nini. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani, na ni jambo jema kabisa, lakini mwalimu mwenye rundo lile la madaftari hawezi kukaa na kila mtoto amwonyeshe alipokosea. Kwa hiyo tunanunua karatasi. Mtoto anafanya nyumbani, dada wa tuisheni anasahihisha kwa kufuata majibu ya nyuma, jioni nikitoka sokoni Mwaloni nami napitia.

Sasa sikilizeni. Ukurasa wa kutoa kwa kukopa, swali la saba. Mtoto aliandika 25, akawekewa kosa. Akafuta, akarudia, akapata 25 ile ile. Akafuta tena kwa raba mpaka karatasi ikatoboka pale kwenye makumi, halafu pembeni ya tundu akaandika 35. Hapo ndipo akapewa vema.

Na msiniambie ni bahati mbaya ya uchapaji. Hiyo 35 ndiyo kosa lenyewe ambalo ukurasa ule unatakiwa uliondoe! Mtoto anaona 2 haitoshi kutoa 7, anakopa kumi moja, anapata 12, anatoa 7, inabaki 5. Mpaka hapo sawa. Kisha anasahau kwamba makumi yamebaki manne, anatoa 2 kwenye 5, anaandika 3. Au hakopi kabisa, anageuza tu na kutoa 2 kwenye 7. Njia zote mbili zinampeleka kwenye 35. Yaani aliyeandaa majibu amekosea vilevile anavyokosea mtoto anayejifunza, kisha akachapa na kuuza.

Usiku ule nilichukua njiti za fagio, nikazifunga kumi kumi kwa mpira, mafungu matano na njiti mbili pembeni. Nikamwambia, nitolee hapo ishirini na saba. Alipoona mbili hazitoshi akafungua fungu moja mwenyewe, sikumwambia. Akahesabu zilizobaki: ishirini na tano. Akaniangalia, akasema, "Lakini mama, karatasi imesema thelathini na tano."

Njiti anazo mkononi, kazihesabu mwenyewe, na bado anaamini karatasi! Baada ya hapo akaanza kuacha kupunguza makumi kwenye hesabu nyingine pia, hata kwenye daftari la shule, hesabu ambazo kabla ya likizo alikuwa anazipata bila shida. Hilo ndilo lililonipeleka dukani.

Nilikwenda kwa upole. "Mdogo wangu, hebu niangalizie hili jibu." Hakuangalia. "Mama, hizo zimeandaliwa na wataalamu." Kalkuleta ilikuwa hapo hapo mezani, ile anayopigia hela za kopi. Nikamwomba apige 52 toa 27 aone mwenyewe. Akaivuta upande wake, akasema, "Mama, mimi nauza, sifundishi. Kama hujaridhika, kamfundishe mwenyewe." Nyuma yangu watu walikuwa wanasubiri kutoa kopi za vyeti, na baadhi yao wakacheka.

Mimi ninauza dagaa. Mteja akinirudishia sado akisema wana mchanga, siwezi kumjibu kwamba mimi nauza, sichambui. Namwaga hapo hapo kwenye turubai tunaangalia wote, na kama kweli upo, nampimia wengine. Huyu hata kubonyeza kalkuleta alikataa.

Nilitaka niishie hapo, niwaambie msizinunue. Lakini haki isemwe, na hii ndiyo inayozidi kuniudhi: kurasa za kusoma ni nzuri mno. Zinaanza na silabi nyepesi, halafu zinakaa kwa muda mrefu kwenye zile ngumu, ngwa, nywa, mbwe, ambazo watoto wengi wanaziruka. Mwanangu alikuwa akifika kwenye "ngwa" anakwama au anabuni. Siku hizi tukisimama kituoni ananisomea daladala zote, Kisesa, Nyegezi, na ile ya Buhongwa anaisoma kwa sauti mpaka kondakta anageuka. Kuna ukurasa mzima wa l na r, una picha ya sahani ya ugali na neno kula, na picha ya sanduku la kura na neno kura. Kwa nyumba zetu tunazoongea Kisukuma kutwa nzima, ukurasa huo peke yake una thamani ya hela yangu.

Tena hawaishii kwenye kutamka. Kiswahili, mtoto akishazijua silabi anaweza kusoma aya nzima kwa sauti asielewe hata sentensi moja, na mzazi ukadhani amejua. Humu kila hadithi fupi ina maswali. Moja inahusu mama aliyeanika dagaa mwaloni, wingu likatanda upande wa ziwani, mama akakimbia. Swali: kwa nini alikimbia? Hadithi yenyewe haisemi, inabidi mtoto afikiri. Wangu alijibu bila hata kurudia kusoma, maana anajua dagaa wakilowa kinachowapata. Nilifurahi sana siku ile, nikawaambia na majirani wazinunue.

Kwa hiyo nilikuwa nimefikia uamuzi: chukueni za kusoma, za hesabu ziacheni. Nikifikiri vizuri naona haiwezekani. Zimebanwa pamoja na haziuzwi mbalimbali, niliuliza. Ukitaka Buhongwa unalipia na 35. Na kukopa si kitu cha kupuuza: mtoto akifika kugawanya kwa njia ndefu, kila hatua ina kutoa ndani yake, na darasa la nne anakutana na upimaji wa kitaifa wa NECTA. Akiwa na makumi yaliyopinda tangu la pili, nani atamnyoosha huko mbele?

Juzijuzi nimepita pale, shule zikiwa karibu kufunguliwa. Rundo liko mlangoni, chapa ile ile. Nikafungua moja, swali la saba bado 35. Kufuta tarakimu moja kwa kalamu ya wino kwenye nakala zote walizonazo ni kazi ya asubuhi moja, na hawajaifanya, wakati niliwaambia kwa mdomo wangu. Hapo hata ule uzuri wa kurasa za kusoma niliuona hauwatetei tena. Siwarudii.

Wewe ukiamua kununua kwa ajili ya zile za kusoma, sikulaumu. Ila kabla hujatoa hela, fungua ukurasa wa majibu ukiwa bado dukani, angalia kutoa kwa kukopa, swali la saba. Ukikuta 35, mwambie aisahihishe kwa kalamu mbele yako, na hesabu nyingine za ukurasa ule uzipige zote mwenyewe kabla hujampa mtoto.