Kupunguza sigara au kujiita "sivuti": ipi inashika?

Mjadala huu hauishi vijiweni. Mmoja anahesabu: kumi leo, nane wiki ijayo. Mwingine akikaribishwa sigara hasemi "najaribu kuacha". Anasema "mimi sivuti", na kiberiti hakibebi tena mfukoni.

Kwa pesa, anayehesabu anaokoa kidogo kidogo. Wa pili anaokoa zote mara moja. Ila siku zake za mwanzo ni kali: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, mwili unadai nikotini yake, ile kemikali ya tumbaku inayoleta uraibu. Hapo imani peke yake haitoshi, plasta ya nikotini, ya kubandika kwenye ngozi, husaidia.

Kwenye kudumu ndiko kwenye mambo. Anayehesabu bado anajiona mvutaji aliyejinyima, hivyo ukimpata msiba mmoja, pakiti nzima inakwisha. Anayejiita asiyevuta hana cha kulinda kila siku, lakini akiteleza mara moja tu anaweza kujiona mwongo, akarudi moja kwa moja. (Wapo wengi.)

Kama unavuta ukiwa na kampani tu, anza na "sivuti". Kama unawasha kabla hujapiga mswaki, anza na daktari na hesabu, jina litafuata.