Kuripoti polisi madereva wanaotubana barabarani: uzoefu wangu na kamera ya baiskeli

Ninaishi mji mdogo kaskazini mwa Uingereza, nafanya kazi ya kutunza wazee, na zamu ya asubuhi huanza saa moja kamili. Basi la kwanza halinifikishi kwa wakati, kwa hiyo huu mwaka wa tatu naenda kwa baiskeli, maili nne kwenda na nne kurudi. Nimekulia Morogoro juu ya baiskeli ya Phoenix ya baba, na sikuwahi kuiogopa barabara mpaka nilipofika huku.

Desemba moja, giza bado, gari la mizigo lilinipita karibu mno, kioo chake cha pembeni kikanigonga kiwiko. Sikuanguka. Nilisimama, nikakaa pembeni, mikono inatetemeka mpaka nashindwa kufungua zipu ya koti. Namba ya gari sikuipata. Kazini, dada mmoja Mkenya aliyenifunga bandeji akaniuliza, "Kaka, na huna kamera?" Ndiye aliyenieleza kwamba huhitaji kwenda kupanga foleni kituoni. Unaingia kwenye tovuti ya polisi wa eneo lako, unajaza fomu, unapakia video.

Mpango huu ulianzia kwa polisi wa Kaskazini ya Wales mwaka 2016, wakauita Operation Snap, kisha ukaenea Wales yote na sehemu kubwa ya England. Majina na fomu hutofautiana eneo kwa eneo, ila msingi ni uleule.

Nilinunua kamera mbili, moja ya mbele na moja ya nyuma. Kama pesa inatosha moja tu, mimi ningeanza na ya mbele, kwa sababu gari likishakupita ndipo namba yake inaposomeka vizuri. Hata hivyo nimejizoesha kuitaja namba kwa sauti papo hapo. Mvua ikinyesha, tone moja kwenye lenzi hufuta herufi mbili, lakini sauti inabaki.

Ripoti yangu ya kwanza ilinichukua karibu saa nzima. Wanataka mahali, saa, mwelekeo uliokuwa ukienda, maelezo yako kwa maneno yako, na tamko kwamba unayosema ni kweli na uko tayari kwenda mahakamani. Video isiwe imekatwakatwa; polisi wa kwetu wanataka dakika moja kabla ya tukio na moja baada yake. Yaani na wewe unaangaliwa. Kama ulipita taa nyekundu sekunde thelathini kabla, wataona. Na usiitupie mtandaoni kesi ikiwa bado mbichi.

Kwenye video ya ripoti hiyo ya kwanza unanisikia nikipiga ukelele "Mama yangu!" halafu nataja namba ya gari. Maelezo yalitakiwa yaseme kila kilichosikika, nikaandika kwamba hayo ni maneno ya Kiswahili, mtu humwita mama yake anaposhtuka. Wiki tatu baadaye nilipata barua pepe fupi: dereva amechukuliwa hatua. Niliisoma nikiwa jikoni, nikamsomea na mke wangu. Kuna mtu mahali fulani alikuwa ameitazama video yangu na kukubali kwamba kilichonitokea ni kosa.

La muhimu kuliko yote ni muda. Sheria inawapa polisi siku 14 tu tangu tukio kumfikishia mwenye gari notisi ya kusudio la kumshtaki. Ukikaa na video siku kumi, unawaachia siku nne za kuitazama, kuamua na kutuma barua. Mimi hutuma usiku uleule. Mwenye gari akishapata barua anatakiwa aseme nani alikuwa kwenye usukani, na baada ya hapo inaweza kuwa onyo, darasa la udereva, faini ya pauni 100 na pointi 3 za adhabu kwenye leseni kwa uzembe, au mahakama. Uendeshaji wa hatari ni kosa zito zaidi, huo hauishii kwenye faini ya barua.

Nimetuma ripoti tisa. Sita zilichukuliwa hatua, mbili sikupata jibu lolote, na moja ilikataliwa, nayo bado inaniuma. Dereva alinipita kwenye daraja jembamba, gari linakuja mbele yetu, nikasikia joto la injini mguuni. Jibu likasema picha haionyeshi umbali wa kutosha kuthibitisha kosa. Kanuni za barabara, tangu marekebisho ya Januari 2022, zinasema dereva aache angalau mita 1.5 anapompita mwendesha baiskeli kwa mwendo wa hadi maili 30 kwa saa. Lakini lenzi pana husogeza vitu mbali, na mita moja inaonekana kama mbili. Tangu siku hiyo naandika kwenye maelezo gurudumu la gari lilikuwa wapi ukilinganisha na mstari wa katikati. Hilo picha haiwezi kulidanganya.

Ripoti iliyoninyima usingizi ni ya kijana aliyekuwa akichezea simu huku gari linatembea, karibu na shule. Kosa hilo ni pauni 200 na pointi 6, na mwenye leseni isiyotimiza miaka miwili huipoteza kwa pointi hizo. Nilijua huenda gari lile ndilo linalomlisha. Nikafikiria pia wale watoto na sare zao, wanavyokimbilia kivukoni. Nikatuma.

Kwa mfumo natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ukimya: mtu aliyeacha usingizi kujaza fomu anastahili kuambiwa kesi iliishaje.

Najua wenzetu wengi hapa wanaogopa polisi kwa sababu ya karatasi. Fomu niliyojaza iliuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani na simu. Habari za viza haikuuliza. Wengine wanasita kwa sababu ya Kiingereza cha kuandika. Sentensi fupi zinatosha: nilikuwa hapa, gari lilitoka kule, lilifanya hivi, niliyumba hadi ukingoni. Ukikwama, niandikie hapo chini, tutayapanga maelezo yako pamoja kabla siku hazijaisha.